Asubuhi Madame Odile Alipotembea na Mama

Ngazi za jengo letu la Koekelberg zilinukia nta ya mbao na supu ya vitunguu. Supu ilikuwa ya Madame Odile wa ghorofa ya pili, mbunge wa mkoa wa Brussels, ambaye sisi watoto tulimjua zaidi kwa kujibebea mwenyewe kreti za maji hadi juu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, mzaliwa wa Bujumbura, alihudumia wazee katika makao yaliyokuwa Saint-Josse, ng'ambo ya mfereji, na alitegemea basi la kwanza la alfajiri lililopita mlangoni petu. Majira yale ya kuchipua tukasikia kwamba basi hilo litaondolewa. Madame Odile akamshika Mama mkono pale ngazini, akasema, "Zaina, mimi nikiwa bungeni, haliondoki." Mama akaamini.

Haukupita muda, uso wa Madame Odile ukajaa kwenye mabango: kumbe anagombea Bunge la Ulaya. Akashinda. Jengo zima tulishangilia, na Mama akampelekea sambusa. Kisha bunge la mkoa, ambako alikuwa ameacha kiti chake, likapiga kura bila yeye, basi likaondoka. Mama akaanza kwenda kazini kwa miguu, maana saa zile metro ilikuwa bado haijaanza. Hakulalamika; mwenye hasira nilikuwa mimi. Nilichana bango la Madame Odile karibu na shule, na hadi leo sijamwambia.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Jioni moja Madame Odile aligonga mlango wetu, koti mkononi. "Nilikuahidi, kisha nikaondoka," alisema. "Nisamehe."

"Bon, keti kwanza," Mama alijibu. "Chai haina uchaguzi." Alipomaliza kikombe cha pili, Mama akamwambia, "Alors, kesho saa kumi na moja tunatoka wote. Kwa miguu."

Nilijua hatakuja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini alfajiri, kutoka dirishani, nilimwona chini kwenye mvua, amevaa viatu vya mpira vya bustani. Mama alirudi mchana akicheka hadi machozi: "Kwenye daraja aliomba tupumzike. Mbunge wa Ulaya, mutoto wangu, amechoka!"

Madame Odile akatembea naye kila Jumatatu aliyokuwa mjini. Wiki moja alimleta kijana aliyerithi kiti chake mkoani, naye akalowa vilevile. Kabla ya theluji kuanguka basi likarudi, lile la kwanza tu, na lilitosha.

Madame Odile alikaa kwenye Bunge la Ulaya vipindi viwili, akastaafu, akahamia kwa dada yake mashambani. Mama naye amestaafu. Siku hizi wagombea huniandikia kwenye simu wakiniita kwa jina. Najua wanakunywa kahawa gani na mbwa wao wanaitwa nani. Simjui hata mmoja anayeishi kwenye ngazi zangu, ambaye akinidanganya itambidi akutane na macho yangu anapopanda na maji yake.