Nywele ya Muntu

Kocha alituandikia wazazi kwenye kundi letu la simu kwamba siku ya mashindano kila msichana lazima awe na mkia wa nywele za kubandika, umefungwa juu kabisa ya kichwa, wenye mawimbi, na utepe wa bluu. Uwe wa nywele za kweli au za plastiki, hilo alituachia sisi, mradi kutoka mezani kwa majaji mikia yote ionekane imezaliwa na mama mmoja. Wazazi wengine walijibu kwa picha za vidole gumba. Mimi niliusoma ujumbe ule nikiwa kazini, nikaurudia, nikalaza simu kifudifudi juu ya meza, na sikufanya kazi yoyote ya maana hadi jioni.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tatu, na nywele zake zilikuwa zinaisha.

Zilianzia nyuma ya sikio la kushoto, kiraka cha ukubwa wa sarafu ya randi tano, laini kama kiganja. Tukadhani ni mapunye. Kisha kikatokea kingine kisogoni, vikatafutana, vikakutana. Daktari wa ngozi alitueleza kwamba mwili wake umezigeuka nywele zake wenyewe, kwamba kuna watoto ambao zinarudi na kuna ambao hazirudi, na kwa jinsi za huyu zilivyokuwa zinaondoka, tusiweke matumaini makubwa. Mimi nimeajiriwa na kampuni ya bima. Kutwa nzima napima uwezekano wa watu kupatwa na mabaya. Nilimwelewa daktari kuliko alivyodhani. Hata hivyo kila asubuhi nikimpeleka mtoto shule nilimwambia "zitarudi", kama watu wengine wanavyosema umeamkaje.

Mchezo wenyewe unaitwa cheerleading, na sina Kiswahili chake. Nilipomweleza mamangu, aliye Nakuru, alielewa kwamba mjukuu wake amejiunga na kikundi cha wapiga vigelegele, akauliza ni harusi ya nani. Nikamwambia ni wapiga vigelegele wanaoruka sarakasi. Akauliza kama shule za huku hazina masomo. Nilicheka, lakini hata mimi nilikuwa nimeuliza hivyo hivyo, mpaka siku nilipoingia kwenye ukumbi wa shule yao hapa mtaani kwetu Kensington nikamwona akirushwa. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, ndiye aliyerushwa. Wenzake walimshika nyayo, wakahesabu, na mtoto wangu akaenda juu, akajizungusha hewani, akarudi mikononi mwao akicheka kwa sauti. Nyumbani tulikuwa hatujasikia kicheko hicho kwa muda mrefu. Nyumbani alivaa kofia ya sufu hata mezani, na ukimuuliza jambo kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza, kwa kifupi, macho kwenye sahani.

Aliniambia wazi: bila mkia kama wa wenzake, hapandi. Tulimbembeleza, tukamwambia kofia nzuri ingetosha, kilemba kingetosha, kocha angeelewa. Hapandi. Kwa hiyo kila kitu nyumbani kwetu kikawa ni mkia.

Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa ni mafuta. Akina mama wa kanisani, ambao nawaheshimu, walituletea mafuta ya nyonyo, wakatuletea majivu ya sijui nini, wakatufundisha kusugua maji ya kitunguu. Nyumba ilinuka kachumbari kutoka Pasaka hadi baridi kuingia. Mmoja aliniuliza, mbele ya mtoto, kama kuna mtu tuliyekosana naye huko nyumbani. Nikamjibu kwamba yuko, tena ndiyo kwanza ninakosana naye. Mke wangu alinikanyaga mguu.

Mke wangu alikuwa upande wa nywele za kweli na hakutaka mjadala. "Mtoto wangu hatavaa nyuzi za gunia kichwani," alisema. Aliziagiza bila kuniuliza, zikaja kwenye boksi gumu lenye kitambaa cha kung'aa ndani, nyeusi iliyoelekea kahawia, laini ajabu. Siku moja nilimkuta ameketi kitandani amezilaza mapajani, anazigawa kwa vidole kama mtu anayetaka kusuka, ingawa hapakuwa na kichwa. Nilirudi nyuma polepole nikaenda jikoni. Mimi nilikuwa upande wa plastiki, na sababu yangu haikuwa na uhusiano wowote na nywele: nilikuwa nimechoka kushindwa, nikataka angalau jambo moja dogo lifuate nilivyosema.

Saluni nilimpeleka mimi. Mamake alikuwa amekataa, kwa maana kila mtoto alipovuliwa kofia mbele ya watu machozi yalimtoka, na mtoto akakasirika. Msusi wetu alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi aliyefanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba kuukuu kule Bertrams, karibu na uwanja, ambako siku ya mechi huwezi kupata hata pa kusimamisha gari. Tulimpenda kwa sababu moja: mara ya kwanza alipokiona kichwa cha mtoto hakusema "Yesu wangu". Alikipapasa kwa vidole vyote kama mtu anayetafuta swichi gizani, akauliza kama inauma.

"Papa, ikala pale," aliniambia siku hiyo, akinionyesha kiti cha plastiki kando ya hita. Ilikuwa Julai, baridi ile kavu inayopasua midomo. Akaweka mikia miwili mbele yangu, yote ya saluni yake, mmoja wa plastiki na mmoja wa aina ile aliyoagiza mke wangu. "Hii iko nywele ya muntu. Hii ingine iko plastike. Shika, Papa, usikie uzito."

Nikashika. Ile ya mtu ilikuwa nzito kama paka aliyelala.

"Ya muntu iko muzuri, sikatai," alisema. "Ukiipiga moto inakubali, ukiifua inakubali. Lakini inavuta. Na huyu mutoto iko na nywele kidogo tu, hapa juu, ya kufungia. Ya muntu itaikokota yote. Ya plastike iko nyepesi, na mawimbi yake hayaishe hata akitoka jasho. Mubaya yake inang'aa sana, na mu hii baridi inapiga cheche." Akausugua ule mkia kwenye sweta yake, ukalia, na nyuzi zikasimama zenyewe.

Nikamuuliza kuhusu gundi.

"Pa ngozi kama hii? Hapana, Papa. Siwezi."

"Na ukiifunga kwa hizo kidogo, itashika?"

Alimtazama binti yangu kwenye kioo, si mimi. "Labda inashika, labda haishike. Tutajaribu yote mbili, yeye mwenyewe atasikia."

Tulikuwa tumekuja na boksi la mke wangu. Kabla ya kulifungua, yule mama aliliweka mapajani, akalaza kiganja juu ya kifuniko, akafumba macho, midomo ikawa inacheza. Binti yangu alikuwa anaangalia yote hayo kwenye kioo. Akaniuliza kwa Kiingereza huyu anafanya nini. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Naiombea. Pasta wetu anasema nywele ya muntu inakuja na mambo ya mwenyewe. Hatujue iko ya nani."

Mimi nilitabasamu, tabasamu lile la msomi ambalo mke wangu hulichukia. Lakini mtoto aligeuza kichwa, kile kichwa kisichofunikwa ambacho kwa kawaida hakukigeuza mbele ya mtu, akamtazama yule mama uso kwa uso.

"Ni ya nani?" akauliza. Kwa Kiswahili.

"Hatujue, mama. Labda ya mwanamuke fulani Muhindi, wa kule Inde. Alikata, bakaiuzisha."

"Alitaka?"

Mama wa Lubumbashi alilitazama boksi. "Sijue," alisema.

Binti yangu akarudi kwenye kioo. Hita ilinguruma, na nje mtu akapita na trolei ya chupa tupu. Kisha akanyoosha kidole kwenye mkia wa plastiki.

"Nataka ile ingine," alisema. "Ile hakuna mtu aliipoteza."

Nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta, nikaweka simu sikioni kama mtu anayeongea. Sikuwa naongea na mtu yeyote. Niliumia kwa namna ambayo sijawahi kuumia, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba tulikuwa tumebishana wiki nzima nyumbani kuhusu kung'aa na mawimbi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye ana mawazo gani.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba msusi ndiye aliyeshauri plastiki. Alilifunga boksi, akalipandisha juu ya kabati, hatukulizungumzia tena.

Siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa sare na kila kitu, tulirudi Bertrams mapema. Yule mama alizisuka nywele zilizobaki utosini, mistari myembamba sana, akaizungusha ikawa kifundo cha duara, akaushona mkia humo kwa sindano na uzi, akaongeza pini, akafunga utepe. Ilimchukua asubuhi yote. Alipomaliza, mtoto alitoka barabarani akaruka palepale kwenye lami, akatikisa kichwa kulia na kushoto, akainama, akainuka. Ulishika. Mama alipiga makofi, "Papa, unaona?" Nikaona. Njia nzima ya kurudi Kensington, kila tuliposimama kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, binti yangu alishusha kile kioo cha juu mbele yake akajitazama. Nami niliyesomea uwezekano nikaanza kuamini. Niliamini kabisa, kama mjinga, nikaanza kufikiria siku ya mashindano tutakaa upande gani wa ukumbi.

Alirushwa mara ya kwanza, mkia ukamfuata ukarudi naye. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, pale anapojizungusha, yeye alirudi mikononi mwa wenzake na mkia ukarudi kando yake. Mmoja wa wasichana wanaodaka alibaki ameushika. Ulikuwa na utepe wake, pini zake, na kile kifundo kidogo cha nywele zake mwenyewe, vyote, vimetoka kichwani bila kukatika hata uzi mmoja. Hakuumia. Daktari alikuwa ametuambia kwamba nywele hizi zikishaamua kutoka haziumi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka, ningepata wa kumkasirikia. Walikuwa watoto wema sana. Walimzunguka, mmoja akavua jezi yake akamfunika kichwa, mwingine akasema basi wote washindane bila mikia, kocha akasema hilo linawezekana, hata machozi yakamlengalenga. Binti yangu aliwashukuru wote kwa adabu, akasema hapana.

Kwenye gari nilimuuliza kwa nini.

"Wakivua wote, watu watauliza sababu," alisema. "Na sababu ni mimi."

Tulikuwa tumesimama kwenye robot, nyekundu. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha kusema "zita" aliponiwekea mkono kwenye mkono wangu wa gia.

"Baba, usiseme tena hiyo."

Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Daktari alisema," akanijibu. "Mimi nilikuwa hapo."

Gari la nyuma likapiga honi. Nikaendesha.

Siku ya mashindano tulikwenda, kwa sababu yeye alitaka kwenda. Nafasi yake juu ilikuwa imepewa msichana mwingine, mwembamba, mwenye nywele nyingi za kwake chini ya zile za kubandika. Kocha alikuwa amempa binti yangu kazi ya kuwafunga wenzake mikia, maana kule saluni alikuwa ameangalia vizuri na aliijua kazi hiyo kuliko akina mama wote waliokuwa ukumbini. Tulimwona kutoka kwenye viti vyetu, kando ya mlango wa pembeni, amevaa sare ya timu na kofia ya bluu, pini zimejaa mdomoni. Yule msichana mwembamba alipiga magoti mbele yake. Binti yangu akamfunga. Akauvuta mkia, akauvuta tena kwa nguvu mpaka shingo ya mwenzake ikarudi nyuma, akaongeza pini moja, akampiga bega kidogo, kwamba nenda.

Mke wangu alishika mkoba wake kwa mikono miwili muda wote wa muziki. Msichana yule alirushwa, akajizungusha, mkia ukazunguka naye, akadakwa, ukumbi mzima ukapiga kelele. Nilipiga makofi na mimi, nimekaa katikati ya wazazi, ningefanya nini. Nilimtafuta wangu kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa zulia, hakuwa anamtazama msichana. Alikuwa anautazama mkia.

Baadaye alipanda kuja tulipokaa, akipita kati ya magoti ya watu, mashavu yamepata joto. Alituambia kwa Kiswahili, ili wa jirani wasielewe.

"Mmeona? Haikutoka."

"Tumeona," nikamwambia, nikajisogeza akae kati yetu.