Fundi Agafia asomaye masizi, na jiko lililoacha kula kuni

SAA moja asubuhi, theluji inafika magotini, na Agafia Cojuhari amesimama katikati ya barabara ya kijiji cha Cotul Viei, kaskazini mwa Moldova, akitazama mapaa ya watu.

Amejifunga kitambaa cha sufu hadi kwenye nyusi. Ndoo yake ina mwiko, nyundo ndogo, mshumaa, na bawa la bata bukini la kufagilia masizi. Anatazama nyumba moja kwa muda, anasogea, anatazama ya pili.

"Ile inalala vizuri," anasema, akionyesha kwa kidevu paa jeupe hadi kwenye shingo ya dohani. "Na ile pale, masikini, inawapasha moto kunguru."

Ni kweli. Kwenye paa la bibi Tecla Burlac theluji imeyeyuka kuzunguka dohani, duara pana kama karai la kufulia. Kunguru sita wamejipanga pale, manyoya yamewafura, wanaota moto wa bibi wa watu.

Agafia ana miaka 61, na kwa miaka 38 amekuwa akijenga na kutengeneza majiko ya matofali ya kupashia nyumba. Kazi hii alifundishwa na mama mkwe wake. Huku kwao kazi ya udongo ni ya wanawake, na yeye ana sababu yake.

"Mwanamume anataka kujenga kitu kionekane," anasema. "Jiko kazi yake yote iko ndani. Hakuna atakayekusifu."

Bibi Tecla, miaka 78, anamngoja mlangoni amevaa makoti mawili. Bili ya gesi ya Desemba ilikuwa lei 4,100, fedha ya Moldova, na pensheni yake ni lei 3,300. Akafunga gesi, akarudi kwenye kuni. Lakini jiko linameza magogo kumi na manne kwa siku, na chumbani joto halipiti nyuzi kumi na tatu.

Binti yake, Rodica, anayetunza wazee huko Padova, Italia, amekwisha kukata shauri. Jumamosi linapita basi dogo la wanaokwenda Italia, na mama atakuwa ndani yake. Leo ni Jumanne.

"Nikakae ghorofa ya nne nitazame nini?" anauliza bibi Tecla. "Kuku nimwachie nani? Na Trifan je?"

Trifan ni mume wake. Amelala makaburini, juu ya mashamba ya mizabibu, mwaka wa sita sasa.

"Shangazi, usilie kwanza," Agafia anamwambia akivua buti, akimwita kwa heshima ya kijijini. "Machozi yatanilowanishia udongo bure."

Jiko la bibi Tecla limejengwa katikati ya vyumba viwili. Chumbani nyuma yake kuna kitanda cha matofali, ambacho moshi ulikusudiwa kupita chini yake kabla ya kutoka nje. Bibi anakitumia kuwekea maboga.

Agafia anazibua matundu ya kusafishia, moja baada ya jingine, na kila tundu anachota masizi kwa kidole. Anayasugua, anayanusa, anayaleta kwenye mwanga wa dirisha. Anafanya taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtoto aliye mbali.

"Haya ni makavu, laini kama poda," anasema. "Moshi hapa unakimbia kama umeiba. Haukai, hauachi joto." Anahamia kwenye kitanda, anang'oa tofali, anaingiza mshumaa. Ndani kuna vumbi la kijivu na maganda ya jozi aliyoyaacha panya. "Na humu haujapita miaka."

Kisha anakunja mikono ya sweta, anaingiza mkono wa kulia mpaka begani, shavu likagusa ukuta. Anafumba macho.

Bibi Tecla amejiziba mdomo kwa ncha ya aproni. Mkono ule hauna taa wala kioo, unatambaa gizani kati ya matofali, na midomo ya Agafia inahesabu polepole. "Njia ya kwanza... ya pili... kona. Hapa." Anafumbua macho. "Hapa pamejengwa ukuta. Shangazi, nani aliziba?"

"Nani azibe? Hakuna aliyeziba!"

"Kumbuka vizuri."

Bibi anafikiri, halafu anaketi juu ya boga. "Trifan," anasema. "Mwaka ule ilipoletwa gesi."

Mwaka ule kijiji kizima kilisherehekea, wengine wakagawa hata mashoka. Kichomeo cha gesi kiliwekwa mdomoni mwa jiko, na watu wakaambiwa wafungue njia ya mkato kwenda dohani na kuziba zile ndefu. Gesi ilipopanda bei walirudi kwenye kuni, wakasahau kwamba jiko lilibadilishwa tumbo. Agafia amekwisha kukuta kosa hilo katika nyumba kumi na tisa.

Anayatoa matofali moja moja. Yako manane. Bibi Tecla anayapokea, anayapangusa kwa aproni, anapitisha kidole kwenye kingo zake.

"Ona alivyoyachonga," anasema kwa sauti ndogo. "Mahali ambapo hata mimi nisingepaona."

"Mjomba Trifan alikuwa na mkono wa fundi," Agafia anamjibu. "Siyatupi haya. Yanahamia jirani tu."

Na ndivyo inavyokuwa. Agafia anakanda udongo kwa maji ya uvuguvugu, mchanga na samadi ya farasi iliyochekechwa, na kwa matofali yale yale manane anaziba njia ya mkato. Halinunuliwi hata tofali moja jipya.

Siku mbili zinapita kwa moto mdogo wa magunzi na vijiti vya mizabibu, udongo ukauke bila kupasuka. Bibi Tecla anataka kuongeza kuni.

"Acha pupa, shangazi! Jiko lenye udongo mbichi ni kama mzazi aliyejifungua jana. Unamwamsha akacheze ngoma?"

Alhamisi alasiri wanawasha moto wa kweli, na moshi unarudi chumbani. Bibi anakohoa, uso umemwiva. "Ndiyo basi," anasema. "Naenda Padova."

Agafia anawasha mshumaa, anazunguka nao madirishani, mlangoni, kwenye tundu la hewa ukutani. Mwali hautikisiki popote. Kila ufa umejazwa matambara.

"Umejifungia kwenye chupa! Jiko litavuta hewa gani?"

"Upepo wa mlangoni utaniua, binti yangu."

"Upepo utakupa mafua. Moshi ndio utakaokuua." Anachomoa tambara kwenye tundu la hewa, na mara moto unaguna, unalala upande mmoja, unaingia ndani ya njia zake.

Wanawake wawili wanaufuata kwa viganja. Tofali la kwanza, la pili, kona, ukuta wa nyuma. Baada ya nusu saa mkono wa bibi Tecla unafika kwenye kitanda, unakaa pale, na hauondoki.

"Kinaamka," ananong'ona. "Mama Mtakatifu, kinaamka."

Magogo saba yametosha. Agafia anakaa mbele ya mdomo wa jiko mpaka makaa yawe mekundu matupu. "Ukiona bado ulimi wa bluu, usiguse kifuniko cha dohani. Ukikifunga mapema, sumu ya moshi inarudi chumbani. Hilo nitakuuliza hata usingizini."

Ijumaa asubuhi nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, na ndani ni kumi na tisa. Rodica anapiga simu ya video.

"Mama, unanidanganya. Niwekee simu kwenye kipimajoto." Anakisoma. "Na mbona umevaa gauni tu?"

"Nivae koti nioke mkate?"

Rodica anacheka. Anamwambia mama yake kiti cha Jumamosi atakifuta. "Pasaka nakuja mimi. Nitalala hapo kitandani."

"Tutaona. Kina mwenyewe."

Kwa kazi kama hii Agafia hutoza lei 600. Safari hii amechukua 200 na gunia dogo la jozi. Msimu mzuri humpa kama lei 40,000, lakini bega la kulia limeanza kugoma, na hakuna fundi mwingine kijijini. Wanawake watatu wameomba kujifunza. Tatizo ni kwamba hakuna anayekubali jiko lake livunjwe na mwanafunzi.

Kwa hiyo Aprili, baridi ikiisha, atavunja la kwake mwenyewe, tofali kwa tofali, walione, kisha walijenge upya pamoja.

"Mimi wa nne," anadakia bibi Tecla.

"Shangazi, una miaka sabini na nane."

"Kwani udongo unauliza umri? Sijaondoka, basi nipe kazi."

Agafia anacheka mpaka anapangusa macho. Jiko la nyumbani kwake lilijengwa na mama mkwe wake kabla yeye hajaolewa. Ndilo alilojifunzia, na kwa miaka yote hii amelijua kwa kulipapasa tu.

"Kuna kona moja kule ndani, mkono wangu haujawahi kuifikia," anasema. "Joto linapita pale, na sijui linapitaje. Kabla bega halijaisha, nataka niione kwa macho yangu."