Gari la Maharusi Lisilo na Pa Kulala

Kunapambazuka Sironga, na Gibson Machogu anakausha gari kwa taulo.

Ameanza na kiti cha nyuma, mahali bibi harusi hukaa. Anabonyeza taulo kwa viganja vyote viwili, anasubiri linywe maji, kisha analibeba hadi mwisho wa mistari ya chai. Huko anainama na kulikamua polepole, maji yashuke kwenye majani bila kelele. Anarudi, anabonyeza tena. Ukimuuliza mbona asilikamulie hapo hapo, anaweka kidole mdomoni na kuelekeza macho kwenye dirisha la nyumba ya mama yake, ambalo lingali limefungwa.

Baridi ya huku si ya mchezo. Ukungu umelala juu ya chai na mtu akisema unaona pumzi yake. Gari lenyewe ni jekundu, la milango miwili, na paa lake ni kitambaa cheusi kinachokunjwa nyuma ili walio ndani wapigwe na jua. Jua lipi, jamani? Katika vilima hivi vya Nyamira mvua hunyesha karibu kila alasiri, na isiponyesha maji, hunyesha mawe.

Majirani wamelibatiza Kichwa Wazi. Hata watoto wa shule wakipita hulisalimu kwa jina hilo.

Machogu, mwenye umri wa miaka 43, alikuwa dereva wa lori la kubeba majani ya chai. Alipopunguzwa kazini alichukua kiinua mgongo chake, akauza ng'ombe wawili, akaenda Kisumu. Alitaka pikapu. Akiwa huko aliliona gari hili kwenye uwanja wa mfanyabiashara mmoja, Jaffer, limefunguliwa paa, viti vinang'aa.

"Nililiona siku ya jua," anasema. "Hilo ndilo kosa langu. Kule Kisumu, hii gari ina akili. Niliona harusi zote za Kisii na Nyamira zinanijia mimi. Mvua? Mimi nimezaliwa kwa mvua, lakini siku hiyo sikuikumbuka hata kidogo."

Na harusi zilikuja kweli. Wasabato hufunga ndoa Jumapili, Wakatoliki Jumamosi, na Machogu alikuwa barabarani siku zote mbili, paa limekunjwa, bibi harusi amekaa juu kidogo ili watu wa sokoni wamwone. Kila harusi ilimletea shilingi elfu kumi na mbili. Mke wake, Gladys, aliacha kubeba ndizi kwenda kuuza soko la Mosocho. Mtoto wao wa kwanza akaingia sekondari.

Shida ilikuwa pa kulilaza.

Shamba la familia ni robo ekari, nalo limeinama kama paa la nyumba. Nyumba ya Machogu iko bondeni, gari haliwezi kufika. "Ukisahau breki huku, gari utalikuta mtoni," anasema, na ndiyo mara pekee asubuhi hii anacheka. Gari hukaa juu, karibu na barabara, kwenye ua wa mama yake, Nyakerario, mjane wa miaka 78.

Aliwahi kulilaza nyuma ya duka mjini Nyamira. Asubuhi alikuta redio haipo. Mwizi hakuhitaji hata kuvunja kioo. Alipasua kitambaa cha paa kwa kisu, akaingiza mkono.

Kisha akalifunika kwa karatasi ya plastiki. Baada ya wiki viti viliota ukungu wa kijani na ndani kulinuka kama gunia la majani ya chai yaliyovunda. "Na mimi ni mtu wa chai!" anasema kwa uchungu. "Najua majani ukiyabana kwa plastiki yanaoza. Kwa gari sikufikiria."

Ndipo akaliegesha chini ya migomba. Kila mtu hapa hujikinga mvua chini ya mgomba, na Machogu aliona majani mapana yatakuwa paa juu ya paa. Yalikinga kwa muda. Halafu usiku mmoja wa upepo mkungu ulianguka ukatoboa kitambaa, na utomvu ukatiririka kwenye kiti cha nyuma. Asubuhi alipiga kiraka, akapangusa, akaona kiti cheusi kama kawaida, utomvu hauonekani, akaenda kumchukua bibi harusi kule Nyaramba.

Mtu yeyote aliyewahi kukata ndizi huku anajua utomvu ukigusa nguo hautoki. Binti yule alishuka mlangoni mwa kanisa, kamera zote zikimtazama, gauni jeupe likiwa na madoa ya kahawia kuanzia kiunoni hadi chini. Alilia hadi mbele ya mchungaji.

"Yule msichana bado namwona," Machogu anasema. "Nilirudisha pesa yao yote. Sikula siku hiyo."

Ni Nyakerario aliyetoa suluhisho, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Sehemu tambarare katika shamba hili ni moja tu. Iko upande wa kushoto wa nyumba ya mama, imeota nyasi fupi, na inatosha gari moja. Hakuna anayepanda kitu hapo, wala kufunga ng'ombe. Kwa desturi ya Wagusii mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba na mwanamke upande wa kushoto. Baba yake Machogu amelala kulia, chini ya simenti. Kushoto ni kwa Nyakerario.

"Nilimwambia ajenge banda hapo," mama alieleza jana jioni kwa Ekegusii, akiwa kitandani, na mwanawe akatafsiri huku akitazama sakafu. "Nikifa, atoe gari, wanizike, waweke simenti, arudishe gari. Mimi nitapata mabati juu yangu. Baba yake ananyeshewa mpaka leo!"

Mama huyu alicheka maneno yake mwenyewe hadi akakohoa. Mwanawe hakucheka.

Machogu alikataa kwa miezi. Mama akashikilia. Mwishowe, baada ya mkasa wa Nyaramba, alinunua nguzo nne na kuanza kuchimba. Alipomaliza mashimo mawili mvua ya mawe ikashuka, akaacha jembe, akakimbia kufunika gari. Mashimo yakabaki wazi hadi kesho yake.

Asubuhi hiyo shangazi yake, Bochaberi, alipita barabarani akaona udongo mwekundu umerundikwa upande wa kushoto wa nyumba. Akapiga nduru, ile ya msiba. Kijiji kikaja mbio. Wakamkuta Nyakerario mlangoni na kikombe cha uji, akiuliza ni nani amekufa.

"Gibson! Mama yako anakunywa uji na wewe unamchimbia?" Machogu anakumbuka shangazi akisema. Alijaribu kueleza kuhusu nguzo. Nani wa kusikiliza? Siku hiyo hiyo akayafukia mashimo kwa mikono yake, watu wakimtazama.

Wiki hiyo hiyo miguu ya mama ikavimba. Akalazwa hospitalini. Madaktari walisema ni moyo, na kwamba ugonjwa huo ulikuwamo kwa miaka. Kijiji kikasema ni shimo.

Hayo yalitokea Agosti, na tangu hapo harusi zimekauka. Aliyekuwa akibeba maharusi kila wikendi amepata kazi moja, ya Jumapili hii, na mwenyewe haamini itafika. "Mzazi gani atampandisha binti yake kwa gari ya mtu aliyechimbia mamake kaburi?" anauliza. "Hata mimi singempandisha wangu."

Gladys amerudi kubeba ndizi. Hasemi mengi. "Alipe karo au alinde kitambaa, achague," anasema, kisha anajuta mbele ya mgeni. "Si mtu mbaya. Lakini hii gari imetukalia kichwani."

Kuliuza? Wanaolitazama huingiza kidole kwenye viraka na kuondoka. Mariam, fundi wa turubai mjini Kisii aliyelishona paa hilo mara nyingi, amekataa kuligusa tena. "Nilimwambia, kaka, hiki kitambaa kimekufa," anasema. "Nikipitisha sindano ninaongeza tundu. Shida si paa. Shida ni pa kulala."

Nyakerario yuko nyumbani sasa, amechoka, moyo umedhoofika. Hawezi kutoka nje, lakini masikio yake ni mazima. Ameapa kwamba siku atakayojua gari limelowa tena ataita vijana wa kanisa wasimamishe nguzo, Bochaberi apige nduru asipige. Anajua wajukuu wanasoma kwa gari hilo. "Ardhi ni ya nini kama watoto watafukuzwa shule?" anauliza.

Kwa hiyo kila asubuhi mwanawe hukamua taulo mbali.

Anataka nini, basi, mtu huyu? Anasema amezungumza na mwenye lori mmoja, na huenda Januari akarudi kubeba chai. Namuuliza kuhusu banda. Anakunja taulo, analikunjua.

"Watu wanadhani naomba banda," anasema. "Mimi naomba gari itangulie. Ioze, iishe, niivute mpaka kwa wanunuzi wa vyuma. Hapo pa mama pabaki na nyasi miaka mingi."

Dirisha linafunguliwa nyuma yetu. Sauti nyembamba inatoka, inamwita mwanawe kwa jina, inamuuliza kama gari limelala vizuri, kama ni kavu.

Maji yanadondoka kutoka kwenye taulo hadi kwenye viatu vyake.

"Ni kavu, Mama," Machogu anajibu. "Kavu kabisa. Rudi ulale."