Nyumba ya Shurie

Musyoka alipopelekwa Garissa kutunza makavazi ya chuo kikuu, mkewe na ndugu zake waliobaki Mwingi walimwonea huruma. Walidhani jua lingemrudisha nyumbani upesi, na mwenyewe alidhani hivyo hivyo. Lakini alipofunguliwa ghala ambamo karatasi na picha za chuo zilikuwa zimerundikwa nyuma ya viti vibovu, mchwa wakijilia watakavyo, alisikitika kama mtu aliyekuta mgonjwa hana wa kumpa maji. Akakunja mikono ya shati.

Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na picha alipozipangusa vumbi. "Na wewe mzee wangu, ulikuwa nani?" Wenzake walimcheka, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumletea vitu: kengele ya mti ya ngamia, chombo cha maziwa cha kusukwa kilichonukia moshi.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilipigwa zamani, siku majengo ya chuo yalipofunguliwa. Ilionyesha wanawake wakisimamisha aqal, ile nyumba ya wafugaji ya fito zilizopindwa na mikeka, ambayo familia ikihama hubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia. Mmoja wao alisimama katikati, kashika ufito kwa mikono miwili, anacheka. Musyoka aliikuza ikawa kubwa kama mlango, akaitundika ukumbini kwa ajili ya maonyesho ya urithi. Chini yake akaandika: *Wanawake wa eneo hili.*

Wageni wakisubiriwa kesho yake, mama mmoja wa makamo aliingia ukumbini na vumbi la safari kwenye shuka. Aliitwa Muslimo, na alikuwa ametoka mbali, huko Griftu, kwa pikapu ya kubebea mbuzi. Mpwa wake anayesoma pale chuoni alikuwa amemtumia picha ile kwa simu.

"Huyu ni hooyo," alisema. "Mama yangu mzazi."

Musyoka akafurahi, akamvutia kiti. Muslimo hakuketi.

"Mwalimu, nimekuja umutoe kwa ukuta."

"Mama, hii ndiyo picha iliyobeba maonyesho yote. Watu watamheshimu."

"Watu watapita na soda kwa mkono, wamuangalie. Siku hiyo alikuwa kwa kazi, mtandio ikaanguka, nywele iko wazi. Angekuwa hai angejifunika. Sasa nani atamufunika?"

Musyoka akageuka kuitazama picha. Muda wote alioishi nayo alikuwa ameona kile kicheko tu. Ule mtandio ulioteleza hadi mabegani hakuwahi kuuona. Akamwaza mama yake mwenyewe, ambaye hata mbele ya wanawe hakukubali kutoka bila kitambaa kichwani. Kisha akaenda kuleta ngazi.

Wakaishusha pamoja. Muslimo akatoa leso mfukoni, akaufunika uso wa mamake kabla picha haijatoka ukumbini. Halafu akauliza yale maandishi ya chini yanasema nini. Musyoka akamsomea.

"Haina jina?"

"Sikulijua, mama."

"Shurie. Anaitwa Shurie."

Jioni Daktari Nkirote, mkuu wa maktaba, alipita kukagua. Akasimama mbele ya pengo la ile picha, ambapo Musyoka alikuwa ameandika Shurie tu.

"Musyoka, hapa katikati kumebaki nini?"

"Kumebaki jina, Daktari."

"Wageni watazame jina?"

Musyoka akamweleza yote. Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya blauzi. "Basi liandike kwa herufi kubwa," alisema, "wasidhani tulisahau kitu."

Maonyesho yakapita. Picha ikawekwa kabatini imefungwa kwa kitambaa, nayo haikufunuliwa ila kwa watu wa ukoo wake. Musyoka aliamini mambo yameishia hapo.

Mvua za masika zilipokatika, askari wa lango alimpigia simu. "Wageni wako wamefika," alisema. "Wamekuja na nyumba."

Kweli, juu ya lori walikuwa wamekaa Muslimo na dada zake wawili, wamezungukwa na fito, kamba na mikeka.

"Mnataka watu waone kazi ya hooyo," Muslimo alisema akishuka. "Uso wake ni wetu. Kazi yake nitawaonyesha mimi."

Wakajenga uani, nyuma ya makavazi. Wasichana wa bweni walikuja kutazama, wakajikuta wameshikishwa fito. Wengine walikuwa wajukuu wa wafugaji, lakini hawakuwahi kufunga hata fundo moja. Musyoka naye alipewa kamba. Muslimo alifungua fundo lake, akalifunga upya, akampa kamba nyingine. Nyumba ilipokamilika alikaribishwa ndani, akaingia akiwa amejikunja kama panzi, akanywa chai ya maziwa ya ngamia magoti yakiwa karibu na masikio. Wale dada walicheka hadi machozi, naye akacheka pamoja nao.

Siku hizi wanafunzi huambiana, "Tukutane kwa Shurie," na wengi hawajui Shurie alikuwa na sura gani. Mwaka jana Musyoka aliitiwa kazi karibu na kwao. Mkewe alipouliza kwa simu atahama lini, alimjibu kwamba mikeka ya nyumba ya Shurie, ile ya upande wa upepo, imeanza kuchakaa, na Muslimo ameahidi kuja kuibadilisha, na itakuwa aibu afike asimkute mwenyeji.

"Ngoja basi," mkewe alisema. "Safari hii nitakuja na mimi niione hiyo nyumba."