Mpishi anayelijua fundo la kila mwanafunzi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Euphrasia Jilala amepiga magoti mbele ya rundo la kuni. Anafungua mzigo wa kwanza, anachomoa kijiti kimoja kimoja, anakigonga chini na kukiweka kando. Moto hauwashwi mpaka mzigo wa mwisho ufunguliwe.

"Anazisalimia kuni kuliko anavyotusalimia sisi," anatania mpishi mwenzake, Mwahija, akiosha mahindi ya makande.

"Nyamaza, mayu. Zikiitikia nitakwambia," anajibu Euphrasia, akimwita 'mama' kwa Kisukuma.

Euphrasia (52), maarufu kama Mama Ignas, anapika katika sekondari moja ya kutwa jirani na machimbo ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga. Kwa Sh90,000 kwa mwezi, anawalisha wanafunzi 312. Kila Jumatatu kila mwanafunzi huleta mzigo wa kuni, na kwa miaka tisa amejifunza nani hufunga vipi: huyu kwa katani, yule kwa kipande cha kitenge, mwingine kwa mpira wa baiskeli.

Machi mwaka huu, ndani ya mzigo mmoja alikuta mfuko wa nailoni wenye baruti za kulipulia miamba. Jiko lilikuwa linawaka hatua tatu kutoka alipokaa.

"Marehemu mume wangu alikuwa mchimbaji. Nilijua ni nini," anasema. "Nikasema, Ee Bwana, ushike mkono wangu. Nikauweka mfuko chini, Mwahija akamwaga maji motoni, tukawahamishia watoto uwanja wa mpira."

Mkuu wa shule, Mwalimu Donatus, aliwapigia polisi papo hapo. Kisha akauliza mzigo ni wa nani. Hakuna mwalimu aliyejua.

Mama Ignas alijua. Kipande cha kitenge cha bluu, fundo mara mbili: ni msichana wa kidato cha tatu, ambaye hapa tunamwita Dorah.

Hakumtaja mara moja. Mwaka jana mvulana mmoja, tumwite Adam, aliiba simu ya mwalimu na shule ikampeleka polisi. Alilala mahabusu siku mbili, hakurudi tena darasani.

"Simu ilipatikana. Mtoto hatukumpata," anasema.

Lakini baruti haikuwa simu. Ilitoka nyumbani kwa mtu, na Dorah ana wadogo wawili.

"Nikaomba kimya kimya. Kisha nikamwambia mwalimu, fundo hili nalijua, nitalitaja. Ila mtoto haendi peke yake."

"Nikamjibu, Mama Ignas, wewe si mzazi wake," anakumbuka Mwalimu Donatus. "Akasema, basi mwite mama yake, na mimi naenda pia. Alikuwa bado na mwiko mkononi. Nikaagiza mama yake aitwe."

Polisi wa dawati la watoto walimsikiliza Dorah mama yake akiwa kando. Alikuwa amekusanya kuni kwa haraka nyuma ya nyumba, mahali baba yake wa kambo alipoficha mfuko. Siku hiyohiyo ulipatikana mfuko wa pili, chini ya kitanda cha wadogo zake.

Kesho yake Dorah alikuwa darasani.

"Nilijua nimekwisha," anasema. "Mama Ignas alinishika kiganja njia nzima. Mkono wake ulinuka moshi."

Leo mlangoni mwa ofisi pamebandikwa karatasi. Utoro, matusi, ngumi za kawaida na wizi mdogo humalizwa na shule pamoja na wazazi. Baruti, silaha, dawa za kulevya, au mtoto kubakwa au kuumizwa vibaya, ni polisi siku hiyohiyo, na mtoto husindikizwa na mzazi na mwalimu.

Kwa Mama Ignas, karatasi haijamaliza kazi. Kila Jumapili akitoka kanisani hutembea hadi kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, kumtafuta Adam. Mara ya kwanza kijana alikimbia. Jumapili iliyopita alisimama.

"Akaniambia, 'Mama Ignas, kule shuleni nimeandikwa mwizi.' Nikamwambia, mimi nimekuandika kwenye hesabu ya makande."

Mwalimu Donatus amekubali kumpokea Januari. Adam hajajibu.

"Aje na kuni zake tu, Jumatatu," anasema Mama Ignas, akivuta mzigo mwingine. "Anafunga kwa mpira wa baiskeli. Nitaufungua na kuugonga kijiti kwa kijiti, kama mizigo ya wenzake."