Mikono Yenye Utomvu

Harufu ya ndizi mbichi zinapomenywa bado inanipandisha hasira, na sioni haya kulisema.

Kwetu Rugu nilimenya ndizi za mchana kila asubuhi kabla ya shule. Utomvu ukikauka mikononi unageuka mweusi, na sabuni haiuwezi. Mafuta ya kupikia ndiyo huutoa, lakini nani angeniachia niyachezee?

Nilipokuwa darasa la tano alikuja mwalimu wa Kiingereza, mgeni kutoka mkoa wa mbali. Nyumba yake ilikuwa haijaisha, kwa hiyo alikula kwetu, ndizi hizo hizo. Siku moja aliandika ubaoni neno "dirty", akaniita mbele, akainua mikono yangu juu.

"Hii ndiyo dirty. Semeni!"

Darasa zima likasema, mara tatu.

"Mwalimu, ni utomvu wa ndizi," nilimwambia.

"Kaa chini. Na maua ya wageni atabeba mwingine."

Wiki nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuwakabidhi wageni wa mahafali yale maua! Nikaenda mtoni, nikasugua mikono kwa mchanga mpaka ikachubuka. Jioni, kama desturi, nilimnawisha mwalimu. Alininyooshea vidole vyake bila hata kuniangalia, akala, akashiba. Jeuri gani hiyo?

Ukubwani, nikiwa mwalimu wa lugha hiyo hiyo, nilifungua kamusi nene nione neno lile lilizaliwa wapi. Limetoka kwenye neno la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya, na maana yake ni mavi. Mavi! Ndivyo alivyoiita mikono iliyokuwa ikimlisha.

Ningependa hasira yangu iishie kwake. Lakini mimi nilimwamini yule mtu. Niliacha kumenya ndizi kwa kisingizio cha masomo, nikamwachia Mama kazi yote. Na siku aliyokuja kunitembelea sekondari Kayanga, akataka kunishika shavu mbele ya wenzangu, nilirudi nyuma.

"Mama, mikono yako."

"Haya, mwana wange," alisema, akaiweka nyuma, kisha akaniuliza habari za masomo.

Miaka mingi baadaye, kwenye mahafali yangu ya chuo, alikaa kiti cha mbele, mikono ameifunika kwa kanga tangu mwanzo hadi mwisho. Nilijua kwa nini. Nilimwacha aifunike.