Gari Lililopanda Kilima Kinyumenyume

Kosa langu la kwanza kuhusu magari lilikuwa kuamini kwamba gari lolote likikwama, dawa yake ni kulitilia uzito nyuma. Hakuna aliyenidanganya. Malori yote niliyoyajua utotoni yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, na kila lori liliponasa kwenye kilima chetu, watu wa barabara walipiga kelele, "Nyuma! Jazeni nyuma!" Abiria, utingo na baba yangu mwenyewe walirukia nyuma, wakabanana kama kuku wanaotafuta pa kulala, na lori likashika ardhi likapanda. Niliona jambo hilo mara nyingi mno hata sikuwahi kujiuliza kama kuna gari la namna nyingine.

Mwezi uliopita nilipita pale nikiendesha mwenyewe, kutoka Korogwe kwenda Handeni, nikasimama juu ya kilima na kuzima injini. Nilikaa nikisikiliza. Nadhani nilitaka kusikia sauti ya beleshi. Nikasikia upepo tu kwenye majani, nikawasha gari nikaondoka, lakini tangu siku hiyo sijatulia. Mimi ni mtu wa kuhangaika. Kitu kikiwa hakijakaa sawa kichwani sipati usingizi. Ndiyo maana nakuandikia, rafiki yangu, ingawa kuandika nimejifundisha mwenyewe na nina hofu kwamba nitakosea mahali.

Enzi za Mwingereza baba alikuwa mtunza barabara. Kipande chake kilikuwa kilima hicho, kati ya Handeni na Korogwe, pamoja na mabonde ya pande zote mbili. Alijengewa kibanda cha mabati kando ya njia, ili mvua ikinyesha awe karibu na mitaro yake. Wenzake wawili walitoka vijijini asubuhi na kurudi makwao jioni. Sisi tulibaki. Hatukuwa na jirani. Kijiji kilichokuwa karibu kuliko vyote tulikisikia tu upepo ukitoka huko, ukituletea harufu ya moshi na sauti ya kinu.

Kazi zangu zilikuwa kuteka maji bondeni, kukata majani ya kutandika chini ya magurudumu, na kukunja kamba za katani ambazo madereva walituachia. Korogwe ilikuwa nchi ya mkonge, kwa hiyo kamba hazikupungua. Lori likishindwa kabisa, baba alizipitisha kamba hizo kwenye matundu ya rimu na kuzizungusha juu ya tairi za nyuma, zikawa kama meno. Nilijifunza kufunga fundo ambalo halilegei. Baba akifunga, nilingoja ageuke, kisha nikalifungua na kulifunga upya, kwa sababu lake lilikaa upande.

Sikuwa na shule wala mtoto mwenzangu. Herufi nilizisoma kwenye ubavu wa malori, na baada ya malori kuondoka nilisoma alama za tairi zao. Nilijua lori la mwenye duka la Handeni kwa mpasuko wa tairi moja, na lori la mkonge kwa alama zake pana zilizofanana na mkeka. Mvua ilipotishia, nilikata majani ya mgomba na kuzifunika alama nzuri zaidi zisifutike. Nikiwa nimebaki peke yangu nilizifunua nikaziangalia. Zilikuwa wageni wangu.

Mwaka ninaoukumbuka, mama hakuwepo. Mtoto aliyenifuata mimi alizaliwa kibandani wakati wa masika, barabara ikiwa imefungwa, na hakuishi. Kwa hiyo mimba nyingine ilipokua, bibi mzaa mama alituma ujumbe kutoka Kilole, pale Korogwe, kwamba mwanawe aende kwake mapema. Mama akapanda lori wakati wa kiangazi. Mimi nilibaki ili nimpikie baba, kwa kuwa hakuruhusiwa kuiacha barabara. Nilisonga bada, ugali wa muhogo, kila jioni, tukala na kunde au dagaa, tukiwa kimya. Baba hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu ambaye maneno yake yote aliyamalizia kwenye mitaro mchana.

Masika yalipoanza, lori la mwenye duka lilipita kutoka Korogwe. Dereva wake hakuweza kupita bila kunitania.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mkuu wa mkoa wa matope! Watu wako hawajambo?" Kisha akamgeukia baba, na sauti ikashuka. "Mzee, hongera, umepata binti. Ila mkeo bado yuko hospitali. Damu imemsumbua. Anamwulizia huyu."

"Anamwulizia vipi?" baba aliuliza.

"Anamwulizia kila anayetoka huku. Hata mimi, ambaye hanijui vizuri."

Lori likaenda Handeni na halikurudi, kwa maana mvua ilifunga njia. Nilikaa mlangoni siku nzima nikisikiliza injini upande wa Handeni. Niliogopa kwamba mama angefariki kabla sijamwona, na niliogopa zaidi kusema neno hilo mbele ya baba. Nikalisema kwa mbuzi wetu.

Gari lililokuja hatimaye halikuwa lori. Lilikuwa gari dogo jeusi, limelala chini karibu na ardhi, likiendeshwa na mkunga wa misheni, mama wa Kizungu aliyekuwa akiishi peke yake huko Handeni. Alikuwa anakwenda Korogwe kuchukua dawa. Baba alivua kofia, akamweleza habari ya mama, akamwomba anichukue.

"Nitamchukua," alisema mkunga, "kama kilima kitanichukua mimi."

Kilima hakikutaka. Gari lilipanda kidogo, magurudumu yakazunguka bure, likateleza kurudi chini. Baba na wenzake hawakungoja kuulizwa. Wakajaza mawe kwenye buti. Wawili wakapanda juu ya bampa ya nyuma. Mimi nikaleta kamba zangu, nikazifunga kwenye tairi za nyuma, nikiwa nimepiga magoti ndani ya tope, fundo moja baada ya jingine, yote yakiangalia upande mmoja. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Maisha ya mama yangu niliyaona yamo katika mafundo yale.

Mkunga alitoa kichwa dirishani akasema kitu, lakini watu walikuwa wakipiga kelele, "Nyuma! Jazeni nyuma!" Akakanyaga mafuta. Pua ya gari ikainuka, matope yakaruka kutoka mbele, na gari likawa baya kuliko mwanzo. Hata pale lilipokuwa limefika mwanzoni halikufika.

Nilikwenda kutazama kamba zangu. Zilikuwa kavu upande wa juu. Hazikuchafuka, hazikukatika, hata hazikusogea. Nikazitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana nilikuwa nimeelewa na sikutaka kuelewa.

"Baba," nilisema, "haya ya nyuma hayazunguki."

"Yatazunguka vipi?" mkunga alisema akishuka. "Ndiyo nilikuwa nawaambia. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanafuata tu."

Mmoja wa watu wa barabara akashuka kwenye bampa akicheka. "Kumbe ni ng'ombe wa kukokota! Na sisi tumekalia mkokoteni!"

"Shuka basi, mzigo wewe," mwenzake akamwambia. "Ng'ombe amechoka."

Basi tukaanza upya. Mawe yakatolewa. Mkunga alituonyesha tairi: mbili zilikuwa na meno marefu, zimeletwa kutoka kwao kwa ajili ya theluji, lakini fundi mmoja alikuwa amezifunga nyuma, kama mafundi wote wa kwetu walivyofanya na tairi nzuri. Za mbele, ambazo ndizo zilizofanya kazi, zilikuwa vipara. Tukaweka jeki juu ya ubao ili isizame, tukazihamisha za mbele nyuma na za nyuma mbele. Wakati tunafanya kazi nilimwuliza theluji ni kitu gani.

"Kwetu baridi ikiingia inaanguka kutoka mbinguni. Nyeupe, na haitoi sauti. Barabara yote inafunikwa."

"Kama unga wa muhogo?"

Alifikiri. "Kama unga wa muhogo uliomwagiwa mafuta. Kwetu tunafunga minyororo kwenye tairi, kama wewe na kamba zako. Na kilima kikikataa, tunapanda kinyumenyume."

Baba aliacha spana. "Kinyumenyume?"

"Gari likipanda kwa kichwa, uzito wote unakimbilia mkiani, na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Likigeuka, uzito unarudi kwenye magurudumu yanayofanya kazi."

Nikafunga kamba upya, mara hii mbele. Gari likageuzwa bondeni, mkia ukatazama Korogwe, pua ikatazama Handeni. Mkunga akaniambia nikae kiti cha mbele, nishike kifurushi changu, na nisikilize. "Kupanda nadhani tutapanda," alisema. "Wasiwasi wangu ni kushuka upande wa pili. Meno sasa yapo mbele, na nyuma kuna vipara. Nyuma itacheza. Usipige kelele na usinishike mkono."

Sasa fikiria. Gari likipanda kinyumenyume, anayelisukuma husimama mbele yake. Kwa hiyo baba alikuja mbele yangu. Aliweka mikono juu ya boneti, wenzake wakashika madigadi huku na huku, na uso wake ukawa nje ya kioo, karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa. Mkunga akaachia klachi polepole. Magurudumu yakatafuna. Tope likaanza kumrukia baba kifuani, mdomoni, machoni. Hakujifuta, kwa kuwa angeondoa mikono. Alisukuma akiwa amenikazia macho, na mimi nikamkazia macho, na sikumbuki kama nilipumua. Kamba moja ilikatika nikaisikia. Nyingine zikashika. Polepole kilima kikawa kinashuka nyuma yake, na bonde likaonekana juu ya bega lake.

Kileleni palikuwa na changarawe, gari likasimama lenyewe vizuri. Mvua ilikuwa imeanza tena kudondoka. Mkunga aligeuza gari haraka, akazikata kamba kwa kisu kwa sababu zilikuwa zinagonga chuma. Baba akaja dirishani. Midomo yake ilijaa tope. Alitema, akataka kusema, akatema tena. Kisha akasema, "Mwambie barabara ikikauka nitakuja." Akapiga bati la mlango kwa kiganja, kama alivyoyaaga malori yote.

Upande wa pili nyuma ilicheza, kama tulivyoambiwa. Katikati ya mteremko mkia wa gari ulianza kutupita, ukitaka kutangulia kufika Korogwe. Nilingoja akanyage breki, maana kila dereva niliyemjua angekanyaga. Hakuigusa. Aligeuza usukani kule mkia ulikokwenda, akakanyaga mafuta kidogo tu, kwa upole kama mtu anayeamsha mtoto. Kwa muda mfupi gari lilikaa kukingama barabarani, na dirisha langu likatazama kilimani. Wenzake baba walikuwa wameshaanza kurudi makwao, nawaona migongo. Yeye amesimama peke yake juu pale, ameegemea beleshi, mvua ikimwosha. Kisha magurudumu ya mbele yakatuvuta, tukanyooka, na dirisha likajaa vichaka.

Tulifika tambarare. Hapo mkunga akatoa pumzi, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mwingine. Nikamwambia hakuna. "Kwangu pia hakuna," akasema, akaendelea kuendesha.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa mirefu, na mtoto amelala ubavuni mwake amefungwa kama mkate. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini alipofumbua macho akanitazama kuanzia miguuni, pale tope lilipokauka, hadi kichwani, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na baba yako nani anampikia?"

Njia nzima nilikuwa nimewaza kufika tu. Niliangalia chini, naye akaelewa, akanivuta karibu, akageuza uso ukutani.

Aliporuhusiwa kutoka, bibi alisema hatampeleka mwanawe na mtoto mchanga wa siku chache kwenye kibanda kile, na hakuna aliyebishana naye. Kwanza ilikuwa mpaka mvua ziishe. Baadaye ikawa mpaka mtoto atambae. Nikaandikishwa shule, nikapata marafiki Kilole na Masuguru, nikajifunza kucheza mpira vibaya. Baba alikuja barabara ilipokauka, akambeba binti yake, akakaa uani kwenye kigoda akiwa hana la kufanya na mikono yake. Kesho yake akarudi na lori. Aliendelea kuja hivyo kwa miaka, akiwa mgeni kidogo kila mara, akisema "shemeji" na "hodi" kwa watu ambao mimi niliwaita majirani. Mama hakurudi tena kilimani kuishi, nami sikurudi. Hakuna aliyeamua. Tuliahirisha tu.

Baba alifia kwenye kazi hiyo, wakati wa masika, na habari ilichelewa kutufikia kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, ikaja hivyohivyo.

Siku hizi kilima kimepunguzwa na kumwagwa kokoto, mitaro ni ya saruji, na gari la namna yoyote hupanda bila kusukumwa. Kibanda kimeng'olewa. Hakuna mtu anayewekwa kukaa pale tena.